Mlango Ukifunguliwa, Mita Inaruka

SWALI: Shikamoo mzee. Ni fundi wa intaneti hapa Nyakato, Mwanza. Nimezungusha faiba ya kawaida (uzi wa kioo unaopitisha mwanga) mara 20 kwenye waya wa umeme wa mashine ya kuchomelea ya jirani, nipime umeme kwa mwanga. Leza ni ya nanomita 1550, mwishoni nimeweka kichujio cha polaraizesheni na mita ya mwanga. Sasa mita inaruka hata mashine ikiwa imezimwa: mlango ukifunguliwa, lori likipita, nikigusa uzi. Leza ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Leza iache, haina kosa.

Ukiitikisa kamba ya nyavu pale soko la samaki la Mwaloni, unaweza kuipiga juu-chini au kushoto-kulia. Mwanga nao una upande wake wa kutikisika, na ndiyo polaraizesheni; kichujio chako hupitisha upande mmoja tu. Mwaka 1845 Michael Faraday aligundua kuwa sumaku huugeuza upande huo, na waya wenye umeme una sumaku. Lakini piga hesabu: ampea 100 kwa mizunguko yako 20 hazifikishi hata moja ya kumi ya digrii! Kidole kikibana uzi kinavuruga zaidi ya hapo. Mimi nilimaliza Jumamosi nzima nikilaumu kipokezi cha mwanga, kumbe feni ya mezani ilikuwa inaupepea uzi.

Basi bandika faiba yote kwa selotepu, hasa inayoning'inia. Kati ya leza na mizunguko weka visahani vitatu vya upana wa sentimita 5.6, uzungushie uzi mara 3, 6, na 3. Uzi uliopindwa hubanwa upande mmoja, mwanga wa upande huo ukapishana mwendo na wa upande wa pili. Inamisha visahani kimoja kimoja, kama unafunua kurasa, mpaka mita ishuke karibu na sifuri. Hapo usiviguse tena. Geuza kichujio digrii 45. Mgeuko mdogo utaonekana vizuri zaidi.

Halafu soma kile tu kinachofuata umeme wetu, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mlango hauendi kasi hiyo.

Umezungusha kwenye waya mmoja, lakini? Kama ni kebo yenye laini na nyutro (waya wa kupeleka umeme na wa kuurudisha) pamoja, sumaku zake zinafutana na utahangaika bure.

Na ukiambiwa ununue faiba ya kutunza polaraizesheni, itumie kwenye kipande kinachotoka kwenye leza tu. Kwenye mizunguko inashikilia upande wa mwanga kiasi kwamba umeme unashindwa kuugeuza.