Re: Kwa nini kichwa kinakata nikiingia chumba cha mtihani?

Mkuu umeuliza inakuwaje usiku unajibu pasti pepa zote freshi halafu mbele ya msimamizi unasahau hadi fomula. Aisee huo sio uzembe hata kidogo. Kwenye shina la ubongo kuna kisehemu kidogo sana kinaitwa lokasi seruliasi, ndo kinamwaga noradrenalini, kemikali ya kuamsha ubongo, na nyuzi zake zinafika karibu ubongo mzima. Kemikali hiyo ikiwa ya wastani inashika risepta (vipokezi vya kwenye seli) za alfa-2 kule nyuma ya paji la uso, seli zinasikilizana, unashikilia hesabu kichwani hatua kwa hatua bila shida. Sasa ukipaniki ikamwagika nyingi inashika na risepta za alfa-1, hiyo sehemu ya mbele ya ubongo inalegea na amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ndo inatamba, yaani ulichosoma kipo ila kukifikia ndo kazi. Wanasaikolojia Yerkes na Dodson walishaona kwa panya tangu 1908, kazi ikiwa ngumu msisimko ukizidi ufanisi unashuka. Kwa hiyo kama umetoka kugombania daladala Mbagala asubuhi usiongeze enaji drinki juu yake, kaa, toa pumzi taratibu kwa muda mrefu kuliko unavyovuta, anza na swali unalolimudu.