Wasomaji Wauliza: Nyumba ya Karen Blixen, Nairobi

Nataka kuwapeleka wanafunzi 45 kwenye Makumbusho ya Karen Blixen. Wenzangu waliokwenda wanasema walimaliza upesi, kisha watoto wakabaki kuzurura kwenye nyasi. Nijipange vipi? – Mwalimu, Thika

Mwalimu, usiwaingize wote pamoja. Nyumba hii ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapa, ni bangalo ya mawe iliyojengwa mwaka 1912 na Mswidi Åke Sjögren, na vyumba vyake ni vya kuishi familia. Darasa zima likijazana mlangoni, walio mbele humsikia mwongozaji na walio nyuma huona visogo tu. Gawa makundi matatu ya 15: la kwanza ndani ya nyumba, la pili kwenye jiko, ambalo liko kando kwa nyuma, la tatu kwenye mitambo ya kahawa. Badilishaneni kila nusu saa. Wajulishe makumbusho mapema ili wapange waongozaji, na kila kundi liwe na mwalimu wake.

Kwenye mitambo msipite haraka, maana hapo ndipo watoto wataelewa kwa nini mwenye nyumba alifunga virago. Wape hesabu: ekari 600 za kahawa, miche 600 kwa ekari. Ni miche 360,000, na mti wa kahawa huchukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kuvunwa, kwa hiyo deni lilitangulia mavuno. Shamba lenyewe lilikuwa zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na upepo, na mvua za huko hazikutegemeka. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua. Bei ya kahawa ilipoanguka, kampuni iliyomiliki shamba ikashindwa kabisa. Shamba likauzwa na kukatwa viwanja, naye Karen akarudi Denmark mwaka 1931.

Waongozaji wengi watawasimulia mapenzi ya Karen na Denys Finch Hatton, na ndege aliyoirusha. Ni sawa, lakini waambie wanafunzi waulize pia habari za maskwota, yaani Waafrika walioishi na kufanya kazi kwenye shamba la mlowezi. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi hapo na kulima. Bila swali hilo, kahawa yote ile itaonekana kama ilijipalilia.

Je, vitu vilivyomo ndani ni vyake kweli? Na ile filamu ya 1985 ilipigwa humo? – Msomaji, Nakuru

Vingine ni vyake, vingine viliachwa na watengenezaji wa filamu. Alipoondoka aliuza samani nyingi, baadhi zikanunuliwa na mlowezi tajiri, Lady McMillan. Kwa hiyo katika kila chumba muulize mwongozaji: hiki ni chake au cha filamu? Anajua, ila asipoulizwa huenda asiseme. Filamu yenyewe, *Out of Africa*, inayosimulia maisha ya Karen, haikupigwa ndani ya nyumba hii. Ilitumika nyumba nyingine ya jirani aliyoishi kabla ya kuhamia hapa mwaka 1917. Ukiona veranda hailingani na ile uliyoitazama kwenye televisheni, hujakosea njia. Na kabla ya kupiga picha vyumbani, omba ruhusa.

Kaburi lake liko hapo? – Msomaji, Voi

Hapana. Karen alifariki mwaka 1962 na kuzikwa kwao Rungstedlund, Denmark. Lililoko Kenya ni la mpenzi wake, Denys Finch Hatton, aliyeanguka na ndege huko kwenu Voi mwaka 1931. Liko vilima vya Ngong, nje kabisa ya makumbusho, na ni safari ya peke yake.

Tunaweza kuunganisha na ndovu wa Sheldrick siku moja? – Mama wa watoto wawili, Nairobi

Mnaweza, dada, mradi ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick watangulie. Wageni wa kawaida huwaona saa tano hadi saa sita mchana, na lazima nafasi iwekwe mapema. Ukianzia kwa Karen utachelewa. Makumbusho huwa wazi hadi jioni, hivyo yafaa baada ya chakula cha mchana. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa. Beba kitambulisho pia, kwa sababu raia, mkazi na mgeni hawalipi sawa. Matatu za Ngong, namba 111, zitakushusha madukani, mtaani Karen. Kutoka hapo chukua boda au teksi, msiwatembeze watoto kando ya barabara ile.