Seli shina kwa aliyeumia uti wa mgongo: je, 7 kati ya 10 ni ushahidi?

SWALI: Daktari, kaka yangu alianguka na bodaboda njia ya Njoro miezi 14 iliyopita. Aliumia uti wa mgongo chini ya kifua, na tangu siku hiyo miguu haina kazi. Tumepata kliniki ng'ambo inayosema itatoa seli shina kwenye mafuta ya tumbo lake na kumdunga mgongoni. Wanauita utafiti, na wanasema wagonjwa 7 kati ya 10 walipata nafuu. Wanataka shilingi milioni 2, na baba yuko tayari kuuza shamba. Hesabu hiyo si ushahidi tosha? Na tiba ya aina hii hupimwa vipi? Ni mimi, dada mtu, Nakuru.

JIBU: Dada, pole sana, na poleni nyote nyumbani. Naanza na hiyo 7 kati ya 10, maana ndiyo inayotaka kuwatoa shambani.

Mwaka 2024 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 10 waliotolewa mafuta mwilini. Seli shina zilizopatikana humo, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zilikuzwa maabara, kisha kila mtu akadungwa seli zake milioni 100 kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Watu 7 walipanda angalau ngazi moja kwenye kipimo cha A hadi E, ambacho nitakueleza hapa chini. Ule ulikuwa utafiti wa kweli, lakini wa awamu ya kwanza: kilichotafutwa hasa ni kama seli hizo zina madhara, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wasiodungwa seli. Kama kliniki yenu imeazima hesabu yake huko, inauza kazi ya wengine. Kama ni yake yenyewe, ionyeshe ilipochapishwa.

Ngazi zenyewe hupimwa hivi. Nachukua pini na kipande cha pamba. Naanza shavuni, ili mgonjwa ajue pini inavyochoma na pamba inavyogusa, halafu afumbe macho. Nateremka sehemu 28 kila upande nikiuliza: "Inachoma, au inagusa tu?" Kisha napima misuli 10 kila upande, kila mmoja alama 0 hadi 5. Mwisho nachunguza njia ya haja kubwa. Wagonjwa huona haya, nami huwaeleza kwamba neva za hapo zinatoka mwisho kabisa wa uti wa mgongo. Asiyehisi wala kubana hapo yuko ngazi A. B anahisi ila hawezi kusogeza kitu. C na D wana nguvu kiasi, D zaidi. E amerudia hali ya kawaida.

Nilikuwa na kijana hapa Kisumu aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Alikuwa A. Wiki ya 7 nikiwa na pamba yangu akasema, "Hapo umenigusa." Nikarudia mara kadhaa, mara nyingine nikijifanya nagusa na sigusi, naye akapatia kila mara. Alikuwa amehama kutoka A kwenda B, wala hakudungwa chochote. Uti uliopondeka bila kukatika kabisa unaweza kurudisha kitu wenyewe, hasa miezi ya kwanza, na wengine huendelea kupata kidogo kidogo baadaye. Angekuwa amepelekwa kliniki kama hiyo wiki ya 6, leo picha yake ingekuwa kwenye tangazo.

Ndiyo maana kunahitajika kundi la kulinganisha. Sisi wa Nyanza hili tumeliona kwa macho. Chanjo ya malaria ilipojaribiwa kuanzia 2009, vituo vya Kombewa na Siaya vilikuwa miongoni mwa vile vilivyoandikisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Wengine walipewa chanjo ya malaria, wengine chanjo ya ugonjwa mwingine, na mzazi hakujua mwanawe yuko kundi gani. Hakuna mzazi aliyelipishwa chanjo ile. Kwa uti wa mgongo kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kumpasua mtu mgongo bila kumwekea seli, ili tu awe wa kulinganishwa, ni jambo zito. Angalau anayeshika pini asijue nani amepewa seli.

Tukiangalia wanaofanya kwa utaratibu, utaona mwendo wao ni wa taratibu. Oktoba 2010 huko Atlanta, mtu wa kwanza aliwekewa seli milioni 2 zilizotokana na kiinitete, yaani mimba ya siku chache tu, zilizokusudiwa kurudisha ganda la neva, lile linalofanana na plastiki juu ya waya. Watu 5 tu ndio waliopata seli hizo katika jaribio hilo la kampuni ya Geron, iliyoacha mwaka 2011 kwa sababu za fedha. Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilianza jaribio lake la seli shina Desemba 2021 na watu 4, na kikatangaza matokeo Machi 2025: mmoja aliweza kusimama, mwingine akapata nguvu kiasi, wawili hawakubadilika sana. Hao wote walipandikizwa wiki chache tu baada ya kuumia. Kaka yako ana miezi 14. Ndani mna kovu, na mara nyingi kishimo chenye maji. Hata matokeo hayo mazuri ya Keio hayamhusu moja kwa moja.

Madhara nayo yapo. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke aliyepandikizwa tishu za pua mgongoni huko Ureno. Baada ya miaka 8 alianza kuumwa mgongo, na madaktari wakatoa uvimbe uliokuwa ukitengeneza ute mzito kama kamasi. Tena aliyekwisha kudungwa seli mara nyingi hukataliwa katika majaribio ya kweli yanayokuja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kwa kijana kama kaka yako.

Kwa hiyo waulizeni: mbona utafiti unamlipisha anayetafitiwa? Kamati gani ya maadili imeuidhinisha, na nani atampima baada ya mwaka mmoja? Wakisema umesajiliwa kwenye ClinicalTrials.gov, tovuti ya Marekani ya kuorodhesha majaribio ya tiba, hiyo peke yake si idhini. Hata wauzaji hujiandikisha humo. Hapa kwetu jaribio la tiba lazima lipite Bodi ya Dawa na Sumu.

Shamba msiuze. Kaka ageuzwe kila saa 2 kitandani, visigino na makalio yakaguliwe asubuhi na jioni, na mpira wa mkojo ushikwe kwa mikono iliyooshwa, maana vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo vimeniondolea wagonjwa ambao mgongo haukuwaua. Halafu mpelekeni apimwe upya kwa pini na pamba, mkiwa na filamu zake za MRI. Niandikie herufi mtakayopewa, A, B au C, tuendelee kutoka hapo.