Raundi ya daktari nasari: mzazi akae au atoke?

Swali: Bibi yangu alijifungua kwa upasuaji, mtoto yuko nasari, yaani wodi ya watoto wachanga, ana gramu 1,400. Naabiri feri alfajiri niwahi raundi. Nikifika naambiwa nisubiri nje. Juzi tena, mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto wake kikangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani, alisikia kipimo cha damu cha bibi yangu kikisomwa, akaja kumuuliza. Je, sheria ndiyo inayonitoa? Na siri zetu zitalindwa vipi?
— Baba mchanga, Likoni

Jibu: Pole baba, na hongera kwa mtoto. Mimi ni muuguzi wa nasari. Kinachokutoa ni utaratibu wa wodi, si sheria. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2022, linataka familia ihusishwe katika kuwatunza watoto hawa, na sababu iko wazi. Mtoto wako akipangiwa maziwa mililita 150 kwa kilo kwa siku, ni mililita 26 hivi kila baada ya saa 3. Chati itasema amepewa. Kwamba ya saa tisa usiku aliyatapika yote, mara nyingi anayejua ni mama. Nimeona maziwa yakiongezwa kwa mtoto ambaye tumbo limeanza kujaa, mama yake yuko nje kwenye benchi na habari yake.

Hilo la siri ndilo zito. Ona mwenyewe: mwenye habari alitolewa, msikilizaji akabaki! Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Zile herufi za Kiingereza tunazozitamka badala ya jina la ugonjwa hazifichi kitu. Kina mama huzijua wiki ya kwanza tu. Ila nikwambie na hili, baba: kipimo kile ni cha mkeo. Hata wewe hupaswi kusomewa bila ridhaa yake.

Kwa hivyo, mkeo akikubali, mwoneni muuguzi msimamizi kabla ya raundi. Mwambieni uzani, maziwa na kupumua vizungumzwe hapo kitandani nanyi mkiwapo, majibu ya damu muitwe pembeni. Daktari anaweza pia kuonyesha kwa kidole kwenye faili bila kutamka. Akihamia kwa jirani, nanyi sogeeni kando msisikie, na simu ibaki mfukoni.

Mtoto mwingine akizidiwa, mtatolewa nyote. Hapo toka bila kubishana. Ukirudi, uliza gramu za leo.