Mordekai: Myahudi au Mbenyamini?

SWALI: Kitabu cha Esta kinamwita Mordekai Myahudi, na hapo hapo kinasema ni Mbenyamini. Mtu mmoja ana makabila mawili? Halafu, "uhamisho wa Babeli" ni Kiswahili sawasawa? Mimi ni mwalimu, na uhamisho ninaoujua ni ile barua ya kupangiwa kituo kipya.

JIBU: Kabila lake ni moja, Benyamini. "Myahudi" hapo si kabila. Jina lilianza na Yuda mwana wa Yakobo, likawa la kabila lake, kisha la ufalme wote wa kusini, ambao Wabenyamini nao walikuwamo. Mwaka 586 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, aliubomoa Yerusalemu, akachoma hekalu, akawahamisha watu hadi Babeli, na ufalme ukaisha. Jina halikuisha. Mordekai yuko Shushani, katika dola ya Uajemi, hana mfalme wa Yuda wa kumtii, na bado ni Myahudi. Jina la nchi limegeuka kuwa la watu na dini yao, popote walipo.

Kabila nalo likabaki kuwa jambo la kukumbukwa. Soma Ezra sura ya 2, orodha ya waliorudi kutoka Babeli baada ya ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ya mwaka 538 KK. Wamo waliotoka Tel-mela na Tel-harsha, wakashindwa kuonyesha ukoo wao. Wamo makuhani waliotafuta majina yao katika kumbukumbu za nasaba, wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Kila ninapoifika sehemu hiyo huwaonea huruma: mtu amerudi kwao, jina lake halimo. Lakini Luka anamtaja Ana, mjane mzee hekaluni, wa kabila la Asheri, kabila la kaskazini ambalo Waashuru waliliangusha pamoja na Samaria miaka mia saba na zaidi kabla yake. Kwao walikuwa hawajasahau.

Kwa hiyo usiandike "Musa aliwatoa Wayahudi Misri." Andika Waisraeli, au wana wa Israeli. Na katika habari za leo, Mwisraeli ni raia wa Israeli, hata akiwa Mwarabu.

Kuhusu uhamisho, neno ni sahihi kabisa, na barua yako inalieleza vizuri. Anayehama ameamua mwenyewe, anayehamishwa ameamuliwa. Ile -sh- ndiyo inayotuambia kwamba yupo aliyewaondoa. "Uhamiaji" ungeifuta maana hiyo.

Wapo wanaosema "utumwa wa Babeli." Mimi siutumii. Vibao vya udongo vya Babeli vinawaonyesha watu wa Yuda wakilima, wakilipa kodi na kuandikiana mikataba, baadhi yao katika makazi yaliyoitwa Mji wa Yuda. Yeremia naye aliwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao. Walikuwa wamehamishwa, si kwamba kila mmoja wao alikuwa na bwana aliyemmiliki.