Kinga ya nguruwe huanza na dang'a

Wafugaji wenzangu hapa Mbozi huniuliza sana: nguruwe wangu niwape dawa gani waongeze kinga? Wanategemea nitaje sindano, au unga wa kuchanganya kwenye pumba. Mimi huwajibu: dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya jike aliyetoka kuzaa, tena ndani ya saa 24 za kwanza.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa hana kinga aliyoirithi tumboni, kwa sababu kondo la nguruwe halipitishi kinga ya mama. Yote imo kwenye dang'a, na utumbo wake huipitisha kwenda kwenye damu kwa siku moja hivi tu, kisha hujifunga. Anahitaji kama gramu 250. Aliyekosa ndiye mnayemwona baadaye anahara majimaji ya njano, mara nyingi kwa bakteria wa E. coli, na sindano haimrudishii alichokosa.

Kwa hiyo jike akizaa, kaa naye, hata kama ni usiku wa manane. Mfute kila mtoto kwa kitambaa kikavu, msogeze kwenye chuchu. Wenye nguvu huwahi chuchu za mbele zenye maziwa mengi. Wakiwa wengi, mimi huwashika tumbo: aliyeshiba limejaa, mwenye njaa ubavu umebonyea. Walioshiba nawaweka kwenye tenga lenye nyasi kavu kwa saa moja hivi, wadogo wanyonye kwa nafasi. Na joto lisisahaulike. Juni na Julai huku kwetu baridi ni kali, na mtoto aliyepoa hanyonyi. Weka maranda ya kutosha na taa. Ukiwakuta wamepandana, bado wanasikia baridi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: dang'a hubeba kinga ya vijidudu ambavyo mama amekwisha kutana navyo. Jike uliyemleta leo akazaa keshokutwa, dang'a yake haijui vijidudu vya banda lako. Kwa hiyo mhamishie jike chumba cha kuzalia wiki moja au mbili kabla ya kuzaa, kikiwa kimesuguliwa kwa sabuni kwanza ndipo kikapigwa dawa, maana dawa juu ya kinyesi haifanyi kazi. Muulize pia afisa mifugo kama chanjo ya E. coli kwa majike wenye mimba inapatikana.

Siku ya tatu, mchome kila mtoto sindano ya madini ya chuma, miligramu 200. Maziwa ya mama hayana chuma ya kutosha, na kwenye sakafu ya saruji hakuna udongo wa kuchimba wapate chuma hiyo.

Usiharakishe kuwaachisha kunyonya. Kwenye wiki ya tatu na ya nne kinga ya mama imeshuka na yao haijakomaa. Mimi husubiri hadi wiki ya sita, na chakula sibadilishi siku hizo.

Ile tabia ya kutia antibayotiki kwenye maji kila wiki "kwa tahadhari" nawasihi muiache. Inazalisha bakteria sugu, na haiwezi kitu mbele ya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ni virusi. Wakianza kufa ghafla wakiwa na homa na masikio mekundu, mwite afisa mifugo kabla ya kuchinja au kuuza hata mmoja.