Maproduza wapya, kamsomeni Cerf kwanza

Nimeletewa bango jingine la mchezo wa jukwaani: sura ya msanii mmoja imejaa karatasi nzima, jina la mchezo limebanwa chini pamoja na namba ya simu. Nikauliza mkataba wake unaisha lini. Wakatazamana. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Kaeni niwape habari za Karl Friedrich Cerf, mwendesha ukumbi wa maigizo wa Berlin, karne ya 19.

1. Usomi si sharti. Cerf alikuwa mfanyabiashara wa farasi. Katika vita vya 1813 hadi 1815 dhidi ya Napoleon alilihudumia jeshi la Wittgenstein, jenerali wa Urusi, akatoka na medali na, la maana zaidi, akajuana na wakubwa. Watu wa Berlin walimtania hata wakadai hajui kusoma. Kibali cha ukumbi akapata yeye.

2. Kibali kisomwe kabla ya muswada. Berlin ile jukwaa lilikuwa la mfalme. Ukumbi wa Königsstadt, pale Alexanderplatz, uliruhusiwa vichekesho na opera nyepesi; tanzia na opera kubwa ziachiwe majukwaa ya mfalme. Waendeshaji wakaubana mpango wao humohumo, kampuni ya wanahisa ikaendesha, milango ikafunguliwa tarehe 4 Agosti 1824.

3. Nyota. Hapa mnivumilie.

Mwaka 1825 ukumbi ulimleta Henriette Sontag, mwimbaji wa miaka 19. Mji ukapagawa. Mhakiki Ludwig Rellstab alipoandika kitabu cha kejeli kuhusu wazimu ule, kikamgusa mwanadiplomasia wa Uingereza, na Rellstab akaishia kufungwa katika ngome ya Spandau. Tiketi zilikwenda kama maji. Kisha Paris ikamwita Sontag, naye akaenda zake. Kufika 1829 kampuni ilikuwa hoi, Cerf akauchukua ukumbi mwenyewe.

Mimi habari hii nilikuwa naijua. Niliwahi hata kuwasimulia wenzangu, kwa kejeli. Halafu nikampata dada mmoja mwenye sauti ya kukusimamisha njiani, nikasahau kila kitu. Nikampa malipo ya awali ya msimu mzima. Mavazi yote yakashonwa kwa kipimo chake. Msichana mwingine aliomba ajifunze nafasi ile akae akiba. Nikamwambia hatuna nauli ya kumleta mazoezini. Hatuna nauli! Tulikuwa tumelipia mabango ya rangi. Wiki ya uzinduzi yule dada akanipigia, kwa adabu kabisa, kwamba amepata kazi nje na ndege ni kesho. Kumlaumu siwezi, mkataba niliouandika mimi haukuwa na kipengele cha kumzuia. Nikapanda jukwaani nikasema anaumwa. Watu wakatoka kudai pesa zao getini, na aliyekuwa anauza tiketi akatukanwa badala yangu. Yule msichana wa akiba alikuwa ameketi safu ya pili. Alikuwa amelipa kiingilio.

4. Kilichomsaidia Cerf baadaye kilikuwa rahisi: mchekeshaji Friedrich Beckmann, aliyeigiza Nante, hamali wa kusimama kona za barabara, anayeongea Kijerumani cha mitaani cha Berlin. Mavazi ya hamali yana gharama gani? Mwanafalsafa wa Denmark, Kierkegaard, aliketi ukumbini humo, na mwaka 1843 akachapisha sifa ndefu za Beckmann. Mtasema naye ni nyota. Ndiyo, na baadaye akahamia Vienna, tena bila kuniuliza mimi wala nyinyi. Lakini hamali wa mtaani anaweza kuigizwa na mwingine. Sauti ya Sontag unaiazima wapi?

5. Getini weka mtu asiye ndugu yako.

6. Wapiga muziki walipwe usiku uleule, kabla ya wewe kula. Na viti vya kuazima virudishwe asubuhi, vikiwa na miguu yote.